Kila kichwa na ukorofi wake

SWALI: Shikamoo mzee. Kwenye Open Rails, ule mchezo wa kompyuta wa kuendesha treni, nina vichwa vitatu vya treni vya Garratt daraja la 59, injini za mvuke zenye tangi la maji mbele, vile vya njia ya Mombasa. Vinafanana kama mayai. Nifanyeje kila kimoja kiwe na tabia yake? – Msomaji, Voi

JIBU: Marahaba mwanangu. Anza na daftari, kompyuta baadaye. Marehemu baba alikuwa fayamani, mtunza moto wa injini, na mfukoni hakukosa kijitabu: namba ya injini, mzigo, mahali, halafu maneno mawili tu. “Breki nzito.” “Yapenda kuteleza.” Mwandiko wake ulikuwa kama wa kuku, lakini ulitosha.

Usichanganye tabia ya daraja na ya kichwa kimoja. Garratt yoyote, tangi la mbele likipungua maji, magurudumu ya mbele hukosa uzito na kuteleza kirahisi. Usiisingizie injini moja, tuseme namba 5918, peke yake. Magurudumu yaliyochongwa karakana mara kwa mara, hayo ni mengine: kipenyo hupungua, na kila kichwa kina chake.

Faili la .eng, lile linaloeleza injini kwenye mchezo, ni maandishi matupu. Linakili, lipe namba ya injini, badilisha nusu kipenyo cha gurudumu tu, kisha panda nalo mlima uleule na mzigo uleule. Ukigusa vitu vitatu kwa pamoja utabaki unabahatisha. Na tabia uliyoibuni mwenyewe, iandikie pembeni “nimebuni”. Wenzako wasije wakaapa kwayo.

Hiyo 5918, Mount Gelai, iko Makumbusho ya Reli, Nairobi. Nenda na futi kamba ukapime magurudumu yake.