Mwalimu Anajibu: Kidato cha Tatu Kimemwangusha Binti Yangu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Singida. Binti yangu wa kwanza yuko kidato cha tatu katika shule ya kata. Matokeo yake ya upimaji wa kidato cha pili yalikuwa mazuri, majirani walikuja kutupongeza. Mwisho wa muhula wa kwanza wa kidato cha tatu amerudi na ripoti inayosikitisha: Kemia 31, Hisabati 27, na masomo mengine C na D tupu. Baba yake anasema chanzo ni simu na marafiki. Binti mwenyewe analia kwamba masomo yamebadilika. Nimwamini nani? Na kama kidato cha tatu ndiyo hivi, cha nne itakuwaje?
Mama wa watoto watatu, Singida

JIBU: Marahaba, mama. Kabla hamjamnyang'anya simu, chukua daftari lake la Kemia la kidato cha pili na lile la kidato cha tatu, uyafungue yote mawili mezani. Huhitaji kuijua Kemia ili uione tofauti. La kwanza limejaa maelezo: sifa za oksijeni, matumizi ya haidrojeni, jedwali la elementi, michoro ya vifaa vya maabara. La pili limejaa tarakimu. Mwanafunzi aliyezoea kusoma ukurasa mara nne mpaka ukamkaa kichwani, na ambaye kwa njia hiyo alipata A zake kwa haki kabisa, anafika mahali ambapo hakuna tena ukurasa wa kukaririwa.

Nitakupa swali moja la kawaida kabisa la kidato cha tatu. Mwanafunzi anaambiwa kwamba gramu 10 za kalisi kaboneti, yaani jiwe la chokaa safi, zimechomwa mpaka zikaisha kugeuka, naye atafute ujazo wa gesi ya kaboni dayoksaidi iliyotoka, ikipimwa katika halijoto na kanieneo sanifu. Kwanza lazima aandike mlinganyo wa kikemia na kuusawazisha. Kisha ajumlishe uzito wa kalisi, kaboni na oksijeni tatu, apate 100. Agawe 10 kwa 100 ili apate moli 0.1 (moli ni kipimo ambacho wanakemia hutumia kuhesabia wingi wa chembe). Ausome tena mlinganyo ili aone kwamba moli moja ya chokaa hutoa moli moja ya gesi. Mwisho azidishe 0.1 kwa 22.4, yaani lita ambazo moli moja ya gesi hujaza katika hali hiyo sanifu, apate lita 2.24. Hatua zote tano ni nyepesi zikichukuliwa moja moja. Ugumu uko katika kuzishika zote kwa pamoja, na anayeteleza kwenye hatua ya pili hapati kitu mwishoni, hata kama anaweza kukusomea maana ya moli kama anayesoma dua.

Sasa nikuambie jambo ambalo nimeliona nikifundisha Kemia na Hisabati kwa miaka mingi, na ambalo huwashangaza wazazi. Nilipokuwa nikisahihisha maswali ya moli, makosa mengi niliyoyazungushia kalamu nyekundu yalikuwa ya desimali, uwiano na kuhamisha namba kutoka upande mmoja wa alama ya sawasawa kwenda upande wa pili, mambo ambayo hufundishwa katika Hisabati ya kidato cha kwanza. Ya Kemia yenyewe yalikuwa machache. Kwa hiyo hizo 31 za Kemia na 27 za Hisabati ulizoniandikia huenda ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili. Hisabati yenyewe ya kidato cha tatu imejengwa juu ya iliyotangulia bila huruma: mada ya dunia kama tufe, ambayo mwanafunzi hupima umbali kati ya miji miwili iliyo kwenye latitudo moja, haiwezekani kwa mtu aliyeiruka trigonometria ya kidato cha pili akitumaini kwamba haitatoka.

Kuna sababu nyingine, na hii ni ya kwetu sisi walimu. Kidato cha pili kina upimaji wa Baraza la Mitihani, na asiyefaulu hukariri darasa. Kidato cha nne kina mtihani wa mwisho. Katikati pamebaki mwaka mmoja usio na mtihani wa taifa. Shule yenye walimu wachache wa sayansi huwapeleka kule ambako matokeo yatatangazwa, na wanafunzi nao, wakiwa wametoka tu kwenye presha ya kidato cha pili, huuchukulia mwaka huu kama kivuli cha kupumzikia. Kwa maoni yangu huu ndio mwaka unaodharauliwa kuliko yote minne, ilhali mada zake ndizo nzito zaidi, na zote zinarudi kwenye karatasi ya mtihani Novemba ya mwaka unaofuata.

Kuhusu kidato cha nne, usiogope sana. Mada zake si ngumu kupita za kidato cha tatu. Vekta na matriksi, kwa mfano, huwaingia wengi kwa urahisi kuliko mfuatano na mfululizo wa namba. Ugumu wa mwaka ule ni mzigo. Mwanafunzi anatahiniwa katika kazi ya miaka minne kwa majuma machache, mada mpya zinaendelea hadi katikati ya mwaka, na hapo hapo ipo mitihani ya moko, yaani ya majaribio, ya wilaya na ya mkoa. Daraja lake hukokotolewa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, na 18 hadi 21 ni la pili. Mwenye masomo tisa, kwa hiyo, anaweza kuvumilia mawili yakimwendea vibaya, ila Hisabati ikiwa mojawapo, milango mingi ya baadaye itakuwa imeanza kufungwa.

Watakushauri aache Kemia na Fizikia. Ni kweli kwamba kwa utaratibu ambao wanafunzi wengi wamepitia, masomo hayo mawili si ya lazima kuanzia kidato cha tatu, na mtaala ulioboreshwa, unaoingizwa hatua kwa hatua, nao una chaguzi zake. Lakini uamuzi huo usifanywe kwa ripoti ya muhula mmoja, tena wakati wa machozi. Mpe hadi mwisho wa muhula wa pili. Katika muda huo asikimbilie mada mpya za tuisheni. Arudi kwenye desimali, uwiano na milinganyo sahili, maswali kumi kila jioni, akiyafanya kwa mkono na si kwa kuyasoma yaliyokwisha kufanywa. Mwombe pia mwalimu wa Kemia akuoneshe karatasi yake ya mtihani, na sio ripoti peke yake. Ukikuta hatua tatu za mwanzo ni sahihi na ya nne imekosewa, binti anasoma. Ukikuta karatasi nyeupe, basi baba yake naye ana hoja, na simu ikae kabatini hadi Jumamosi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza kidato cha nne nikiwa na daraja la kwanza, pointi 14. Nimepangiwa tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) katika shule ya bweni. Kaka yangu aliyepitia huko ananiambia kidato cha tano kitanitoa jasho, kwamba hata waliokuwa na A hupata sifuri. Je, ananitisha tu? Nilipie masomo ya awali kabla ya kwenda?
Kijana anayesubiri kuripoti, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera. Kaka yako ameongeza chumvi kidogo, ila hajadanganya. Katika safari nzima ya sekondari, hapo unapoenda ndipo penye ngazi ndefu kuliko zote. Nilikuwa na mwanafunzi aliyeingia na A ya Fizikia. Jaribio lake la kwanza la kidato cha tano alipata 19 kwa mia. Aliibandika karatasi ile ndani ya kifuniko cha tranka lake, akawa anaiona kila anapochukua sabuni, na akamaliza kidato cha sita akiwa na B. Sikusimulii hayo ili upate moyo tu, bali ujue kwamba ile 19 ilikuwa ya kawaida darasani siku ile.

Kwanza, hesabu muda. Unaanza Julai na mtihani wa mwisho unakungoja Mei ya mwaka wa kidato cha sita, kwa hiyo ile wanayoiita miaka miwili haifiki miwili, hasa ukitoa likizo na majuma ya kuzoea bweni. Pili, masomo yamepungua lakini kila moja limechimbuliwa. Seli uliyoichora kidato cha kwanza kama yai lenye kiini katikati, sasa utaulizwa utando wake umejengwa kwa molekuli gani na kwa nini huruhusu hiki kupita na kukizuia kile. Yaani Biolojia inakudai Kemia. Fizikia nayo itakudai hisabati ambayo hukuisoma kidato cha nne, ndiyo sababu wanafunzi wa PCB husoma BAM, yaani hisabati tumizi ya msingi, pembeni, ambamo mtakutana na kalkulasi kwa mara ya kwanza.

Tatu ni jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: kipimo chenyewe hubadilika. Kidato cha nne alama 75 ni A; kidato cha sita A huanzia 80, na ile 75 yako itakuwa B. Alama 46, ambayo kidato cha nne ni C na unaweza kurudi nayo nyumbani bila aibu, kidato cha sita ni E. Kwa hiyo mtu akibaki palepale alipokuwa, cheti chake kitasema ameshuka.

Kuhusu kulipia masomo ya awali, sikukatazi ikiwa wazazi wana uwezo, lakini sioni faida kubwa ya kukimbilia mada za kidato cha tano na daftari ulilolifunga Novemba likiwa bado limefungwa. Umekaa nyumbani zaidi ya nusu mwaka, na mengi yamevukizwa. Rudia moli na titresheni, vekta, trigonometria, na mada ya jenetiki. Ukiripoti ukiwa nayo hayo vidoleni, mwezi wa kwanza utautumia kujifunza mapya, wakati wenzako wanatafuta yaliyopotea. Zaidi ya hapo, zoea kusoma kitabu kizima cha Kiingereza badala ya nukuu za ubaoni, maana walimu wa kidato cha tano huandika kidogo na hukutuma maktaba.

SWALI: Mwalimu, mwanangu alikuwa wa pili darasa la saba katika shule ya msingi ya serikali. Yuko kidato cha kwanza sasa, miezi mitatu, na anasema haelewi chochote. Je, alipendelewa kule msingi?
Baba, Mbeya

JIBU: Hakupendelewa, ndugu yangu. Amebadilishiwa lugha. Alisoma miaka saba kwa Kiswahili, akapewa majuma machache ya kozi ya Kiingereza, kisha masomo karibu yote yakageuka isipokuwa Kiswahili chenyewe. Jaribu hivi jioni ya leo: mwambie atafute kigawe kidogo cha shirika cha 6 na 8. Atakujibu 24 kabla hujamaliza kuvua viatu. Kisha mwandikie kwenye karatasi herufi L.C.M. na namba zilezile, uone kama atazitambua. Kwa mtoto wa namna hii ninachoshauri ni daftari dogo la mfukoni lenye safu mbili, neno la Kiingereza upande mmoja na lile alilolijua tangu msingi upande wa pili, maneno kumi kwa siku, akianza na Hisabati na Biolojia. Wengi huanza kuchangamka kufikia muhula wa pili. Akifika Septemba bado yuko kimya darasani, niandikie tena, na uniambie pia anakaa dawati la ngapi na kama anauona ubao vizuri.