Mizigo ni mingi, lakini "luggage" haina wingi

Swali: Mimi ni karani katika ofisi ya kusafirisha mizigo, Malaba. Nikiandika "luggages", "equipments" au "informations", mkuu wangu hufuta ile s kwa kalamu nyekundu. Kwani mizigo na vifaa havihesabiki? Na mbona "goods" anaiacha na s yake?
*Karani, Malaba*

Jibu: Mkuu wako yuko sahihi, ndugu yetu. Wewe unahesabu vitu vilivyo mbele yako, ilhali Kiingereza kinaangalia neno lenyewe. Pampu tatu na jenereta moja ni vitu vinne, lakini "equipment" ni jina la jumla, mfano wa unga kwetu: hatusemi unga mbili, tunasema kilo mbili za unga.

Lugha zetu ndizo zinazotupoteza hapa. Tunasema maji yamemwagika, habari hizi ni njema, nywele zimekatwa, yote kwa upatanisho wa wingi. Waganda nao wana "amazzi", katika ngeli ileile ya maji yetu. Kwa Kiingereza "water", "news" na "hair" hutumia "is".

Ubaya wa ile s ni kwamba haiji peke yake. Ukishaandika "equipments", utaandika "these", kisha "many", kisha "are", na sentensi nzima itakuwa imeharibika. Andika "this equipment is new", na kwa wingi wa kiasi "much" au "a lot of". Pia usitangulize "a" wala "an": "an advice" ni kosa, sema "some advice".

Ukitaka idadi, tanguliza kipimo, nacho ndicho kinachopokea s: "three pieces of equipment", "two pieces of luggage". Kwenye orodha ya mizigo, hata hivyo, ni bora zaidi kutaja kitu chenyewe, "three pumps, two suitcases", maana anayekagua lori anataka kujua ni nini hasa.

"Goods" ni la wingi siku zote: "the goods have arrived". Lakini usiseme "three goods"; sema "three items".

Neno likikutatiza, fungua kamusi ya wanafunzi. Kando ya jina utaona herufi: C ni la kuhesabika, U si la kuhesabika. Zikiwepo herufi zote mbili, soma mifano, kwa kuwa maana hubadilika: "ten papers" ni magazeti au mitihani kumi, ukitaka karatasi kumi, omba "ten sheets of paper".

Swali: Tuandike "fifty kilos of maize is" au "are"?
*Mwalimu, Arua*

Jibu: Inategemea unachokusudia, mwalimu. Kilo 50 zikiwa kiasi kimoja, tumia "is": "fifty kilos is too heavy for a child". Pesa ni vivyo hivyo: "twenty thousand shillings is enough". Magunia yanayohesabika moja moja hutaka wingi: "ten bags of maize have arrived". "Maize" yenyewe haipokei s, ila "beans" huipokea, hata vyote viwili vikipikwa chungu kimoja.

Swali: Na "police" je? Na "staffs"?
*Msomaji, Jinja*

Jibu: "The police are here", wingi bila s, askari mmoja ni "a police officer". "Staff" kwa maana ya wafanyakazi wa mahali pamoja haiongezwi s. Wakiwa watano, andika "five members of staff".