Maswali ya wasomaji: Admini ni mimi, mbona nakataliwa?

SWALI: Habari fundi. Kompyuta ni yangu mwenyewe, akaunti iko moja tu na ni ya admini. Juzi nikataka kumfungulia mdogo wangu akaunti yake, nikafungua lile dirisha jeusi la cmd nikaandika net user mdogo /add, ikanijibu "System error 5 has occurred. Access is denied." Nimezima nimewasha, nimebadili mpaka paswadi, wapi. Sasa kama mimi sio admini, admini ni nani?

JIBU: Admini ni wewe mdau, hilo usiwe na wasiwasi nalo. Ila dirisha ulilofungua sio admini, na hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Tangu Windows Vista iliyoingia sokoni 2007, ukiingia na akaunti ya admini unapewa vibali viwili, kimoja cha mtu wa kawaida na kingine chenye nguvu zote, halafu kila programu unayofungua inabeba kile cha kawaida, kile kikubwa kinakaa pembeni mpaka ukiombe. Unaweza kuona kama usumbufu lakini fikiria umefungua faili lenye kirusi bila kujua, nacho kingebeba nguvu zako zote papo hapo, kingejifungulia akaunti na kufanya kinavyotaka wala usingeulizwa kitu.

Kwa hiyo bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, usipige Enter, shikilia Ctrl na Shift ndio upige Enter. Skrini itafifia na kukuuliza kama unakubali, kubali. Angalia juu kabisa ya dirisha, lazima pawe pameandikwa Administrator, kama hapajaandikwa basi umefungua lilelile la mwanzo. Rudia amri yako vilevile bila kubadili hata herufi, itapita.

Ukitaka kuona kwa macho yako andika whoami /groups kwenye dirisha la kawaida, kisha kwenye hili jipya, halafu tafuta mstari wenye maneno Mandatory Level. La kawaida linasema Medium, jipya linasema High. Mtu yuleyule, kompyuta ileile, vibali viwili.

Sasa kuna kisa kingine kinachofanana na hiki ila sio hiki: badala ya kukuuliza ndio au hapana, kompyuta inakuomba paswadi ya mtu mwingine. Ukiona hivyo ujue wewe sio admini kweli. Andika net localgroup administrators uone majina yaliyomo, na kama lako halipo hakuna ujanja, aliyemo ndiye akuingize kwa kuandika net localgroup administrators jinalako /add, kisha utoke na kuingia upya, maana kibali kinatolewa wakati wa kuingia tu. Kama kompyuta ni ya kazini, nenda kaongee na watu wa IT, usianze kuhangaika nayo kimyakimya.

Na tafadhali, kuna mafundi wanashauri uzime kabisa kile kidirisha kinachouliza ili "kisikusumbue". Mimi sikushauri. Sekunde mbili za kubofya ndio hazifiki hata za kupiga chafya jamani.

SWALI: Fundi, akaunti yangu ilikuwa inaleta vituko nikaifuta ila folda nikaiacha, nikafungua nyingine kwa jina lilelile na paswadi ileile. Sasa picha zangu zote nikizigusa naambiwa sina ruhusa! Zangu mwenyewe!

JIBU: Pole dada. Jina umelirudisha lakini Windows haijali jina, inajali namba. Kila akaunti inazaliwa na namba yake ndefu, ya akaunti za kwenye kompyuta yenyewe inaanza na S-1-5-21, inafuata mitarakimu ya kompyuta hiyo, mwishoni namba ya mtu, akaunti mnazofungua wenyewe zinaanzia 1000 kwenda juu na ile ya Administrator iliyokuja na Windows ni 500 siku zote. Ukifuta akaunti namba inaondoka nayo na haitolewi tena, kwa hiyo wewe wa leo kwa kompyuta ni mgeni aliyejiita jina la marehemu. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, ingia Properties kisha Security, utaiona hiyo namba ya zamani imebaki peke yake haina jina.

Dawa yake, kwenye dirisha la admini kama nilivyomweleza mwenzako hapo juu, unaanza kuchukua umiliki:

takeown /f "C:\Users\zamani" /r /d y

Halafu unajipa ruhusa:

icacls "C:\Users\zamani" /grant jinalako:F /t

Badala ya zamani weka jina la folda yako, na badala ya jinalako weka jina la akaunti yako ya sasa. Mafaili yakiwa mengi itachukua muda, iache imalize. Lakini iishie kwenye folda hiyo tu! Mimi kipindi najifunza niliwahi kuielekeza kwenye C: nzima nikijiona mjanja, nikaishia kupakia Windows upya. Jambo moja la kusikitisha, kama kuna mafaili uliyokuwa umeyafunga kwa usimbaji (encryption) wa Windows wenyewe, hayo umiliki hauyafungui, ufunguo wake ulikuwa kwenye akaunti uliyoifuta, labda uwe uliuhifadhi mahali.

SWALI: Naandika lusrmgr.msc nisimamie akaunti, naambiwa haifanyi kazi kwenye toleo langu. Nimefungiwa?

JIBU: Hujafungiwa, una Windows Home na Home haina hicho kitu. Tumia net user au ingia Settings.

SWALI: Mimi natumia Linux. Amri ya kufungua akaunti, useradd, inaniambia "Permission denied" halafu "cannot lock /etc/passwd, try again later". Nimesubiri tangu asubuhi.

JIBU: Usisubiri kaka, hata ukisubiri wiki ni hivyohivyo, huo ujumbe unapotosha. Faili la /etc/passwd, lenye orodha ya akaunti, linaandikwa na root peke yake, yaani admini mkuu wa Linux, kwa hiyo tanguliza sudo mbele ya amri yako ili ifanyike kwa nguvu zake. Na ukija kumwongeza mtu kwenye kundi andika sudo usermod -aG kundi jina, hiyo a ndogo usiisahau, ukiandika -G peke yake inamtoa kwenye makundi yake mengine yote ya ziada, na kama mtu mwenyewe ni wewe na kundi mojawapo lilikuwa la sudo, safari ijayo utaniandikia tena ukiwa umejifungia nje.