Maswali ya Wasomaji: Programu-jalizi inayogoma Kibirizi

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandika programu ya kupimia na kurekodi magunia ya dagaa kwa mfanyabiashara mmoja wa mwalo wa Kibirizi. Skrini zake nimeziandika kwa QML, lugha ya kuandikia skrini za programu, katika Qt 6, seti ya zana za kutengenezea programu. Kwa kuwa uzito unatoka kwenye mizani ya kielektroniki iliyounganishwa na kompyuta kwa waya, nimeandika kwa C++ aina (type) yangu mwenyewe iitwayo Mizani na kuiweka katika programu-jalizi, yaani kipande cha msimbo kinachopakiwa na programu kuu, ya moduli ya Kigoma.Vipimo. Nyumbani, ndani ya Qt Creator ninamoandikia msimbo, programu inafunguka vizuri. Kwenye kompyuta ya dukani, ambayo ni ya Windows, inakataa na kuleta ujumbe kwamba moduli hiyo haijasakinishwa, ingawa faili zote nimezinakili na kuziweka katika folda moja na programu. Tena, hata nyumbani uzito hubaki sifuri mpaka nifunge dirisha la kupimia na kulifungua upya. Tatizo liko wapi?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Ndugu msomaji, matatizo yako ni mawili na hayahusiani, kwa hiyo tuyatenganishe.

La kwanza halimo katika msimbo wako wa C++, na nakuomba usiuguse kwa sasa. Injini ya QML, yaani sehemu inayosoma na kuendesha skrini zako, inapokutana na jina Kigoma.Vipimo hulisoma kama njia ya folda: kila nukta ni hatua moja ya kuingia ndani. Hutafuta folda ya Kigoma, ndani yake folda ya Vipimo, na ndani ya hiyo faili iitwayo qmldir, isiyo na kiambishi chochote mwishoni mwa jina lake. Ulipomwaga kila kitu katika folda moja, uliivunja njia hiyo. Faili zipo, lakini hazipo pale zinapotafutwa. Nyumbani ziliendelea kuonekana kwa sababu mpangilio wa mradi wako bado unaielekeza injini kwenye folda ya ujenzi, ambako njia hiyo iko kamili.

Folda yenye programu yenyewe ni miongoni mwa sehemu ambazo injini hutafuta bila kuambiwa. Basi tengeneza folda ya Kigoma kando ya programu, ndani yake Vipimo, kisha weka humo qmldir pamoja na maktaba ya programu-jalizi, yaani faili yake ya .dll. Ukiifungua qmldir utaona mstari wa kwanza unaosema “module Kigoma.Vipimo”, na chini yake mstari kama “plugin vipimoplugin”. Jina hilo la pili huandikwa bila .dll, kwa sababu injini huongeza yenyewe kile kinachohitajika na mfumo wa kompyuta. Ukitaka kuhifadhi moduli mahali pengine, taja mahali hapo katika kigeu cha mazingira (environment variable) kiitwacho QML_IMPORT_PATH, lakini kumbuka kutaja folda iliyobeba Kigoma, si Vipimo yenyewe. Wengi hukwama hapo.

Jifunze pia kutofautisha ujumbe wa makosa, maana injini haisemi ovyo. Ikisema moduli haijasakinishwa, haijaiona qmldir. Ikisema programu-jalizi ya moduli haikupatikana, qmldir imeonekana lakini maktaba iliyotajwa ndani yake haipo. Ikisema programu-jalizi haiwezi kupakiwa, maktaba imepatikana ila kuna kitu inachokitegemea kinachokosekana, au imejengwa kwa toleo la Qt lisilopatana na lililoko dukani. Nahisi ujumbe huo wa tatu utakutana nao baada ya kurekebisha folda. Amri ya qt_add_qml_module, inayotumika wakati wa kujenga programu, inaweza kuijenga moduli moja kwa maktaba mbili, moja yenye aina zako na nyingine ambayo ni programu-jalizi yenyewe. Ikiwa yako iko hivyo, ile ya kwanza ikae kando ya programu, pamoja na maktaba ya Qt SerialPort kama ndiyo unayotumia kusoma mizani. Ukikwama bado, weka kigeu cha QML_IMPORT_TRACE kiwe 1 kabla ya kuendesha programu, nayo itakuandikia kila mahali inapotafuta.

Sasa tuje kwenye sifuri. Skrini ya QML haiulizi uzito kila mara. Huusoma mara moja, kisha husubiri iambiwe kwamba umebadilika. Sifa ya uzito uliyoitangaza kwa Q_PROPERTY bila shaka ina sehemu ya READ (ya kusoma) lakini haina NOTIFY (ya kutoa taarifa ya mabadiliko). Ongeza ishara (signal), uiite uzitoUmebadilika, uitaje katika NOTIFY, kisha uitoe kila uzito mpya unapofika. Kabla ya kuitoa linganisha thamani mpya na ya zamani, na zikiwa sawa rudi bila kufanya lolote, kwani mizani huendelea kurudia namba ileile wakati gunia limetulia juu yake, na hakuna haja ya kuichora skrini upya kila mara.

Jambo jingine dogo: mafunzo mengi yaliyoko mtandaoni ni ya enzi za Qt 5, na yatakuelekeza kuandika klasi ya programu-jalizi kwa mkono na kusajili kila aina kwa qmlRegisterType. Njia hiyo bado inafanya kazi, lakini tangu Qt 5.15 ya mwaka 2020 neno QML_ELEMENT ndani ya klasi yako linatosha, na tangu Qt 6.2 ya mwaka 2021 qt_add_qml_module hukuandikia hata qmldir. Usichanganye njia zote mbili kwa aina moja.

SWALI: Natengeneza programu ya kuweka kumbukumbu za mizinga ya nyuki. Nataka kitufe chenye rangi na umbo langu kitumike katika skrini zote. Nimeambiwa niandike programu-jalizi. Je, ni lazima?
Msomaji, Tabora

JIBU: Si lazima, na aliyekushauri amekutafutia kazi. Programu-jalizi ya C++ inafaa pale unapohitaji kitu ambacho QML haikifikii yenyewe, kama ile mizani ya msomaji wa Ujiji. Kwa kitufe, andika faili ya Kitufe.qml katika folda ya skrini zako, nayo itatambulika mara moja kama aina mpya iitwayo Kitufe. Hakikisha tu jina la faili linaanza na herufi kubwa, ukiandika kitufe.qml, injini haitaihesabu kuwa aina.