Barua kwa mwanangu: krediti zako 72 hazijaibiwa

Wete, Pemba

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti niliupata juzi baada ya Isha, nikausikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilisikia kilio tu, mara ya pili ndiyo nikasikia swali. Unasema: "Mama, nimesoma miaka miwili mizima huko bara, nina krediti 240. Nimehamia Unguja shahada ile ile ya uhasibu, shahada ina krediti 360, vipi waniambie nimebakiwa na miaka miwili badala ya mmoja? Krediti zangu wamezipeleka wapi?"

Baba yako, ambaye hakuulizwa, alidakia kutoka barazani: "Kwani karafuu ukizitoa Wete ukazipeleka Chake zinapungua uzito?" Nikamwambia zinapungua, kama umezibeba mbichi. Akanyamaza. Anajua mwenyewe kuwa kilo tatu alizozianika kwenye jamvi humrudia kama kilo moja.

Ile karatasi ya chuo kipya uliyonipigia picha, yenye krediti zilizopokelewa na zilizokataliwa, nimeinakili kwenye daftari kwa kalamu, maana kwenye simu macho yangu yanaruka mistari. Nimeipigia hesabu jioni nzima. Sasa nifuate taratibu, na wewe uwe nayo mbele yako.

Krediti moja, kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ni saa 10 za kusoma. Humo mna mhadhara, semina, kazi za kuandika, na ule usiku unaokesha peke yako na kitabu. Somo la krediti 12 ni saa 120. Mwaka mzima ni krediti 120, muhula 60, na miaka mitatu inatimia 360. Hapo hatugombani na mtu.

Ugomvi unaanzia kwenye neno "zimepokelewa". Karatasi yako inasema katika zile 240 zimepokelewa krediti 168 na 72 zimekataliwa, na wewe ukatoa 168 kwenye 360. Hukutazama safu ya kulia, iliyoandikwa kwa herufi ndogo. Katika hizo 168, 132 zimeingia kwenye masomo ya lazima na 36 wameziweka kwenye masomo ya hiari. Sasa fungua mwongozo wa shahada yako mpya: masomo ya hiari yanayotakiwa kwa miaka yote mitatu ni krediti 24 tu. Kwa hiyo 12 zimepokelewa vizuri, zitaandikwa kwenye transkripti yako, karatasi ya matokeo yako yote, na kila atakayeisoma ataziona, lakini hazikusogezi hata hatua moja karibu na joho. Zinazofanya kazi ni 156. Zilizobaki ni 204, na ukigawa kwa 60 unapata mihula mitatu na krediti 24 juu yake. Hizo 24 ndizo zinazokuburuza hadi muhula wa nne. Miaka yako miwili imetoka hapo.

Mtu anayehama chuo hufurahia jumla, nami sikulaumu, nilifurahia hivyo hivyo. Ila jumla haimsaidii mtu anayetaka kujua lini atamaliza. Anayetaka kujua hilo achukue orodha ya masomo ya shahada anayoingia, kila somo kwa jina na msimbo wake, afute yaliyokwishalipwa, kisha ahesabu yaliyobaki. Ukianzia kwenye transkripti ya zamani utahesabu ulichonacho. Anzia kwenye shahada mpya, ndiyo utaona unachodaiwa.

Tuje kwenye 72 zilizokataliwa, hizo unazosema zimeibiwa. Nimezipanga. Masomo manne, krediti 10 kila moja, ni ya chuo chako cha zamani na huku hayapo. Hizo 40 zisahau, usipoteze nauli ya daladala kwa ajili yake. Somo la kompyuta la krediti 8 limekataliwa kwa kuwa hapa linafundishwa kwa krediti 12, na saa 80 hazitoshi kulipa deni la saa 120 hata kama jina ni moja. Hilo nalo liache. Yaliyobaki ni mawili, Takwimu za Biashara na Uhasibu wa Gharama, 12 kwa 12. Kwenye safu ya sababu wameandika: "Muhtasari wa somo haukuwasilishwa."

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu mpaka baba yako akauliza kulikoni.

Sijakuhadithia vizuri, sasa nitakuhadithia. Mwaka 2003 nilikuwa nasoma Dar es Salaam, ualimu, nakaa chumba cha kupanga kwa bibi mmoja mwenye kuuza vitumbua. Mwaka wa kwanza nimeumaliza, wa pili nimeuanza, nikawa na mimba yako. Ikanikaba vibaya, kutwa natapika, baba yako akasema rudi nyumbani. Nikaomba kuhamia chuo cha Unguja. Nikabeba cheti cha matokeo, nguo, na godoro dogo lile ambalo baadaye ulililalia wewe. Karatasi za masomo, ile mihtasari tuliyokuwa tukipewa siku ya kwanza darasani, niliziacha juu ya kabati. Niliona ni uzito wa bure. Nani anataka kujua wiki ya saba tulisoma nini?

Walitaka. Mkuu wa idara alinikalisha, mtu mpole tu, akanishikia cheti changu akasema, "Naona umefaulu Saikolojia ya Elimu. Lakini ulisoma nini ndani yake?" Sikuwa na cha kumwonyesha. Nikampigia bibi simu kupitia kwa jirani yake wa duka. Baada ya siku mbili jibu likaja: karatasi zile alikwishazifungia vitumbua. Ule muhtasari wa Saikolojia ya Elimu, wenye wiki 15, vitabu vyake na mgawanyo wa alama, umekwenda na mafuta ya nazi mtaa mzima wa Buguruni. Kati ya masomo yangu 11 yakapokelewa matano. Nikakaa darasani mwaka mzima na wewe mgongoni nikifundishwa mambo niliyokwishafanyia mtihani. Wakati ule TCU yenyewe ilikuwa haijaanza, imekuja 2005, na kila chuo kilikuwa na desturi zake. Kosa lakini lilikuwa langu.

Wewe huna kisingizio cha vitumbua. Mihtasari ya siku hizi iko kwenye kompyuta za chuo. Mwandikie katibu wa idara yako ya zamani, kwa adabu, taja namba yako ya usajili na mwaka uliosoma, omba muhtasari wa masomo hayo mawili uliogongwa muhuri. Mwaka uliosoma, nasisitiza, kwa sababu wakibadilisha mtaala wanaweza kukutumia mpya ambao hukuusoma. Ukiupata, keti na muhtasari wa huku, uuweke ubavuni, upige alama mada kwa mada. Usimwachie mkuu wa idara kazi hiyo ya kulinganisha. Ana mafaili mengi, na faili lililolinganishwa tayari husomwa kwanza. Kisha andika barua ya kuomba mapitio, ukurasa mmoja, bila machozi. Na muulize msajili mwisho wa kupokea maombi ya mapitio ni siku gani, uulize leo.

Sasa sikiliza jambo ambalo hukuliuliza, nami naona ni kubwa kuliko yote uliyoniuliza.

Umenambia rafiki yako amekushauri uombe ruhusa ya kubeba masomo zaidi kila muhula, hizo 24 zigawike, umalize kwa mihula mitatu. Kwa hesabu ya kujumlisha amesema kweli. Lakini tazama mwongozo wako ukurasa wa masomo tangulizi. Uhasibu wa Gharama unafundishwa muhula wa pili tu. Bila ya huo huruhusiwi kuingia Uhasibu wa Menejimenti, ambao unafundishwa muhula wa kwanza tu. Na bila ya Menejimenti huingii lile somo la mwisho la usimamizi wa fedha, ambalo ni la muhula wa pili. Zihesabu kwa vidole: muhula huu wa kwanza unakaa unasubiri, wa pili Gharama, wa tatu Menejimenti, wa nne Fedha. Ni minne. Hata ukiwa na akili ya kubeba krediti 80 kwa muhula, mlolongo huo haukungojei wala haukukimbilii.

Wakikupokelea Gharama, unaingia Menejimenti muhula huu huu na Fedha muhula wa pili, na mlolongo wako umekwisha ndani ya mwaka. Wakikupokelea Takwimu peke yake, unabaki na mihula minne vile vile, umepumzika kidogo tu. Krediti ni 12 kwa 12, sawasawa kabisa kwenye karatasi, na moja ina thamani ya muhula wako mzima. Basi barua ya Gharama iende kwanza, hata kama muhtasari wa Takwimu haujafika.

Ukizipata zote mbili, zinabaki 180, mihula mitatu kamili. Ukipata Gharama pekee zinabaki 192, hapo ndipo ushauri wa rafiki yako wa kuongeza kidogo kila muhula una maana.

Nakuuliza lakini, na unijibu kweli: Gharama unaijua? Naona alama yako ni C, na nakumbuka ulikuwa na sapu, mtihani wa kurudia, mwaka ule, ulikuja likizo ukarudi mapema kwa ajili yake. Wakikupokelea somo hilo, Menejimenti inaanza wiki ya kwanza na mwalimu hatasimama kukufundisha ulichokisahau. Kama unajiona dhaifu humo, tafuta mtu wa mwaka wa tatu akupitishe kabla hamjaanza, nitalipa. Sitaki tukushindie muhula halafu uupoteze kwenye GPA, wastani wa alama zako.

Na hiyo GPA, waulize: alama zako za bara zinaingia kwenye hesabu au zinaingia krediti tupu? Vyuo havifanani katika hili. Kama ni krediti tupu, daraja lako litatokana na masomo ya huku peke yake, na masomo yakiwa machache kila moja linavuta sana. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5, la chini 2.7, na wewe nilikuacha kwenye 3.4, kwa hiyo jibu lao linaweza kukuinua au kukushusha.

Mkopo nitausema kwa ufupi, maana baba yako ndiye mwenye kuufuatilia. Umepewa kwa miaka ya shahada, na hiyo miaka ilianza kuhesabiwa siku ulipoingia chuo cha kwanza. Peleka Bodi ya Mikopo barua ya uhamisho pamoja na kibali kilichopita TCU, usidhani chuo kimekusemea. Na muhula wa nne, ukitokea, tuuhesabu kuwa ni wa mfukoni mwetu. Msimu huu karafuu si mbaya, lakini wachumaji wanalipwa pishi kwa pishi kila jioni na sisi tunalipwa mwisho.

Jumatatu asubuhi uende kwa mshauri wako wa masomo. Usiende kumuuliza "nimebakiwa na nini". Mpelekee jedwali ulilolichora mwenyewe, muhula kwa muhula hadi wa mwisho, lenye njia mbili, Gharama ikikubaliwa na ikikataliwa. Aandike kwa kalamu yake juu yake, atie saini na tarehe. Uache kopi kwa khalati yako Mwanakwerekwe.

Jana nimepekua begi lako la mwaka wa kwanza, lile la maua lililoko juu ya kabati. Wewe ni mwanangu kweli, mna kanga, chaja mbovu, na mafaili ya plastiki matatu. Katika la kijani nimeukuta muhtasari wa Takwimu, kurasa nne, una doa la chai ukurasa wa pili lakini wiki zote zinasomeka. Wa Gharama haumo, nimetafuta hadi chini ya godoro. Huu wa Takwimu nimeutia kwenye bahasha, mtoto wa jirani anashuka nao Mkoani kesho alfajiri kupanda boti. Ukampokee mwenyewe bandarini Malindi. Kwenye kikapu hicho hicho kuna vitumbua vya khalati yako, nimevifunga kwa jani la mgomba.

Wasalaam,
Mama yako