Nilivyoshusha injini ya 5A nyumbani: pima kwanza, Kariakoo utaikuta

Juzi usiku msomaji mmoja wa Morogoro kaniandikia. Carina Ti yake inatoa moshi wa bluu kila akikanyaga mafuta, fundi kamwambia alete milioni moja na laki tano injini ifufuke, na yeye mfukoni ana laki sita. Akamalizia: "Kaka, hizo spea za bei poa unazosifia huwa unazipata wapi?"

Nilitaka nimjibu mistari miwili nilale. Nikajikuta niko macho na simu mpaka saa saba, maana hilo ndilo swali nililoanza nalo na mimi, na lilinitia hasara. Ukiingia Kariakoo unauliza "wapi bei nafuu", utaonyeshwa. Kila mtu atakuonyesha. Swali la kutoka nalo nyumbani ni "saizi gani", na jibu lake haliko dukani.

Ngoja nisimulie, halafu mniseme.

Gari langu nalo ni Carina Ti, AT212, injini 5A-FE. Nalibebea chakula cha kuku kutoka Tabata kwenda kwa wateja wangu Kinyerezi na huko ndani ndani kunakokwisha lami. Filta ya hewa nilikuwa nanunua zile za barabarani, karatasi yake ukiiinua juani unamwona mtu wa upande wa pili. Likumbukeni hilo. Baada ya muda gari likaanza kunywa oili lita nzima kwa wiki. Mke wangu akawa hapandi tena akivaa nguo ya kanisani. Jirani yangu, mzee mmoja anayependa utani, kila nikiwasha asubuhi ananiuliza kwa sauti, "Baba, leo mnapika nini?"

Fundi wa mtaani akafungua kifuniko cha oili, akatazama mvuke unavyotoka, akasema, "Ringi tu hizo bosi, zile pete za pistoni zinazozuia oili isipande juu. Lete ringi na gasketi ya hedi, kesho jioni unaondoka nalo."

Nikaenda Kariakoo. Kabla sijavuka barabara winga, dalali wa kukupeleka madukani, keshanishika mkono, keshajua gari langu, keshaniita kaka mara sita. Kanipitisha maduka matatu. Ringi za 5A, standadi, yaani saizi ya kiwandani, boksi la Japani, bei ya kuanzia elfu tisini na tano. Nikabishana nusu saa, nikatoka nazo kwa sitini. Naapa nilirudi Tabata napiga mluzi. Nilijiona mjanja kuliko mji mzima, kumbe winga yuko pale pale anahesabu cha juu chake.

Fundi akaziingiza siku ile ile, hakupima chochote. Moshi ukakatika. Nikalipiga picha gari, nikaiweka status. Wiki ya tano ukarudi, mzito kuliko wa mwanzo. Nikampigia simu fundi siku mbili haipokelewi, ya tatu akapokea: "Bosi, spea si ulinunua mwenyewe?"

Neno hilo bado linanikaa kooni. Linauma zaidi kwa sababu nusu yake ni kweli.

Ndipo nikaamua nashusha injini mwenyewe, uani kwangu. Mpwa wangu alikuwa anasoma ufundi magari VETA, tukaazima chenibloku, tukaifunga kwenye tawi la mwembe. Kufungua sitawachosha nako, boliti ni boliti, weka kila kundi kwenye kopo lake na uandike. Ninachotaka mkione ni usiku wa pili, bloku iko juu ya tairi kuukuu, taa ya simu inamulika. Mpwa wangu akavua ringi ya juu kwenye pistoni namba tatu, akaiingiza peke yake ndani ya silinda, akaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa. Ncha mbili za ringi zikaachiana. Akapitisha fila geji katikati, zile nyembe za chuma za kupimia pengo. Wembe wa milimita 0.30 ukapita. Wa 0.50 ukapita. Akaanza kuunganisha wembe juu ya wembe mpaka ukafika milimita moja na kitu. Tukatazamana. Ringi haina hata miezi miwili na oili inapita hapo kama mlango wazi.

Asubuhi tukaipakia bloku kwenye bajaji mpaka Gerezani, kwa mzee mmoja anayechonga silinda. Akafuta ndani kwa kitambaa, akashusha saa yake ya kupimia, juu, katikati, chini, akazungusha, akarudia. Hakusema kitu mpaka namba nne.

"Namba tatu imelika robo milimita. Nani kakuuzia ringi standadi?"

"Nimenunua mwenyewe, mzee."

"Hata ungepewa bure ungekula hasara." Halafu akapitisha kidole ukutani mwa silinda, kwenye mikwaruzo ya kushuka chini, akaniuliza, "Filta ya hewa unanunua wapi?"

Sikujibu. Vumbi lililopita kwenye filta zangu za barabarani ndilo lililokwaruza. Mpwa wangu alicheka, nikamwangalia akanyamaza.

Hesabu yenyewe ni ya darasani. Silinda ya 5A ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 78.7. Ikilika 0.25, mzunguko wake unaongezeka mara tatu na ushee ya hapo, yaani karibu 0.8. Hiyo 0.8 yote inakwenda kwenye pengo la ringi, juu ya pengo lake la kawaida. Ringi nzuri kuliko zote duniani haiwezi kuziba hapo. Na kuchonga kwa 0.25 kusingetosha, kwa sababu silinda hailiki sawa pande zote, ukiikata kidogo unaacha mabonde. Mzee akasema 0.50, kwa hiyo pistoni mpya nne zilizozidi saizi kwa 0.50 na ringi zake, kipenyo kiwe 79.2. Akaniambia nisirudi na kitu kingine, na asingegusa bloku mpaka pistoni ziko mezani kwake, maana anachonga kwa kuipima pistoni yenyewe.

Hapo ndipo nikajua kununua. Kwa hiyo ndugu yangu wa Morogoro, na wengine mnaosoma kimya kimya, sikilizeni. Kwanza pima. Pili pima. Kisha ndiyo uende sokoni, na uende na spea ya zamani mkononi, imeoshwa.

Kuna kibati kimepigiliwa kwenye ukuta kati ya injini na kabini. Kipige picha. Kina modeli, namba ya chasisi na injini. Mtandaoni kuna katalogi za Toyota, unaingiza namba ya chasisi inakuletea michoro na namba za spea. Namba za Toyota zina tarakimu tano, kistari, kisha tano. Tano za mwanzo zinasema ni kitu gani: 13011 ni ringi, 13101 pistoni, 11115 gasketi ya hedi, 04111 seti nzima ya gasketi za kushushia injini, 13041 metali (beringi) za konrodi, 11701 metali za krenki. Tano za mwisho ndizo zinazosema ni ya injini ipi na saizi ipi. Mimi niliziandika kwenye kikaratasi. Usidharau kikaratasi. Siku ya kwanza nilikuwa "kaka unatafuta nini", siku ya pili nimesimama kaunta nasoma namba, kijana akamwita bosi wake atoke nyuma.

Hata hivyo duka la kwanza waliniletea pistoni za 4A. "Ni zile zile kaka, 4A na 5A ndugu." Ndugu kweli, ila 4A ina silinda ya 81, imezidi kwa milimita 2.3. Nikatoa pistoni yangu kwenye mfuko wa rambo, nikaziweka sambamba juu ya kioo. Hakuna aliyebisha. Ndiyo maana nasema spea ya zamani mkononi, nitasema mpaka mchoke.

Metali nusura zinipige. Boksi lina jina kubwa la Japani, bei nusu. Nikageuza moja: mgongoni laini kama kijiko, hamna chapa wala namba ya saizi. Yangu ya zamani, imechakaa vile, bado mgongo una alama ya mtengenezaji. Nikarudisha kabla sijalipa, maana ukutani kuna kibao cha "mali ikiuzwa hairudi" na wenyewe hawatanii. Nikaenda duka linalotoa risiti ya EFD, nikachukua metali za chapa ya Taiho. Na krenki pia ipimwe kabla hujanunua metali. Krenki yangu ilikuwa nzima, nikachukua standadi. Ingechongwa, ningehitaji za saizi nyingine.

Mtumba je? Mtumba siukatai, nusu ya gari langu ni mtumba. Alteneta, stata, kava la valvu, hata hedi ukiipeleka ikapimwe kama haijapinda wala kupasuka, chukua Ilala utaokoa hela nyingi. Ila ringi, metali, gasketi, oili sili na mkanda wa taimingi usinunue vilivyotumika hata akuapie kwa mama yake. Na injini nzima ya mtumba, ile ya "imetoka Japani haina hata vumbi", mimi nilikataa. Unanunua moshi wa mtu mwingine na hujui umebakiza wiki ngapi.

Jumla yangu, kwa bei za wakati ule: pistoni na ringi 180,000, kuchonga silinda na kusawazisha hedi 130,000, seti ya gasketi yenye valvu sili zake 110,000, metali zote 70,000, pampu ya maji 40,000, mkanda 35,000, oili na filta zote 75,000. Laki sita na arobaini. Mpwa nilimlipa kwa chipsi na nauli, na torki renchi tuliazima. Na hapo sijahesabu nilizotupa mwanzo: sitini elfu za mluzi, gasketi ya kwanza na hela ya yule fundi.

Sisi Watanzania tuna ugonjwa. Mtu atazunguka Kariakoo siku nzima kupunguziwa elfu kumi, lakini kumpa mzee wa Gerezani elfu kumi apime silinda anaona kaibiwa. Wahenga walishasema rahisi ghali, sisi tunataka rahisi rahisi. Tunamlaani fundi, tunamlaani Mchina, tunamlaani winga, na wembe wa fila geji unauzwa bei ya kuku mmoja. Vijana, nunueni. Kaeni nao kwenye boksi la gari. Nimesema kwa ukali kidogo, mnisamehe, lakini mimi nimelipia somo hili mara mbili.

Siku tunaliwasha, mpwa alikaa kwenye usukani, mimi nimechuchumaa nyuma kwenye ekzosti na leso nyeupe. Likakataa mara mbili, nikaanza kusali. La tatu likashika. Dakika kumi leso ikabaki na unyevu tu. Mwezi uliofuata nilikwenda nalo Dodoma na kurudi, kijiti cha oili kikabaki alama ile ile niliyotoka nayo Tabata. Pistoni moja ya zamani iko sebuleni, mke wangu anawekea kalamu.

Ndugu wa Morogoro, nitumie picha ya kibati na kipimo cha silinda zote nne, sio moja. Kama huko hamna wa kupima, bloku hupakiwa kwenye basi, nitaipokea Mbezi. Jumamosi nipo Gerezani. Yule jirani yangu wa "mnapika nini" gari lake limeanza moshi, nampelekea bloku.