Kaseti ya babu yako na hiyo 1975

Mwanangu, marahaba. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nilikuwa kaunta nahudumia wanafunzi sikuambulia kitu. Unasema ule wimbo wa kwenye kaseti ya babu yako umeukuta YouTube wameandika Msondo Ngoma 1975, wakati babu kwenye kikaratasi kaandika JUWATA kwa mkono wake, sasa nani muongo.

Hakuna muongo hapo. Bendi ni ileile, ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz kwasababu ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, NUTA, basi chama kikibadili jina na bendi nayo inabadili, mwishoni mwa miaka ya 70 ikawa JUWATA, miaka ya 90 ikawa OTTU, mwisho ndo hiyo Msondo Ngoma unayoijua wewe. Aliyeupandisha kaupa wimbo wa zamani jina la leo, sawa na mtu aandike cheti chako cha kuzaliwa kwa jina la mumeo. Sisi maktaba enzi za kabati la kadi tulikuwa na kadi ya "tazama", unatafuta jina hili inakutuma droo ile, hata hapa Mtwara vidole vilikuwa vinaota sugu.

Jana usiku nikaitoa kaseti yenyewe, utepe umelegea nikauzungusha na peni ya Bic polepole. Si unajua babu alikuwa anaweka redio mbili zinatazamana, moja inaimba nyingine inarekodi, basi katikati ya gitaa jogoo anawika halafu bibi yako anasikika kabisa anasema korosho zianuliwe mvua hiyoo. Nilicheka peke yangu. Sasa wewe sikiliza mwishoni pale gitaa linapochangamka, wanajitaja wenyewe, NUTA. Hapo ndo pa kushika: kikaratasi kinakwambia babu alirekodi lini, wimbo unakwambia wao waliupiga lini. Waliupiga bado wakiwa NUTA, redio ikaendelea kuurusha hata walipogeuka JUWATA, babu akaudaka. Ila hiyo 1975 usiigongee muhuri, inaweza ikawa ndo na inaweza ikawa siyo.

Watu wanajipachikia miaka tu. Juzi nimekutana na wimbo wa Mbaraka Mwinshehe, sauti yake mwenyewe, eti umerekodiwa 1983, na marehemu alifariki 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa!

Na hicho kikaratasi usikitoe hata kama kina kutu na mafuta ya taa. Kuna mtu alituletea boksi zima la kaseti kazing'arisha, vikaratasi vyote katupa eti vilikuwa vichafu, mpaka leo zipo tu, hatujui nani anaimba nini.

Ukija Idd nipitie Kariakoo unitafutie redio nzima ya kaseti, hii yangu imeanza kutafuna, na kwenye gari la mjomba wako siiweki tena.